Chaki Nyuma ya Geti

Mume wa dada yangu anajulikana kwa jina la Sindano, na aliyempa jina hilo ni yeye mwenyewe. Muanze kumjua kwa hapo. Wapo watu wanaobandikwa jina la utani na rafiki zao, wakalivaa kwa shingo upande. Huyu alijichagulia, akalitangaza, kisha akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye ngao yake ya kuchomelea, tena kwa brashi yangu, bila kuniomba. Maana yake ni kwamba mishono yake ya chuma ni mizuri kama ya fundi cherehani. Na akimaliza kazi hakuiti uje uione kazi. Anakuita uje umwone yeye anavyoitazama.

Nasimulia habari zake kwa sababu mtaa mzima umekwisha kuzisimulia, kwamba alimvunja mkewe mkono kwa geti alilolitengeneza kwa mikono yake. Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Nililisema dukani, bombani, na kazini, mpaka dada yangu akafunga begi aondoke kwa mumewe arudi nyumbani kwetu. Begi nililifunga mimi, kwa kuwa yeye alikuwa na mkono mmoja.

Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni kupaka rangi. Mimi na Sindano tunafanya kazi karakana moja, huu mwaka wa kumi na moja. Ni banda la mabati lisilo na ukuta upande wa barabara, lenye sakafu iliyokwisha kuwa nyeusi kwa oili, meza mbili za chuma, mtungi wa gesi uliofungwa mnyororo kama mbwa mkali, na kiti cha plastiki anachokaa bosi. Bosi alikuwa fundi hodari siku zake, ila aliutazama sana moto wa kuchomelea bila ngao, na sasa macho yake yanatofautisha mchana na kivuli, basi. Kwa hiyo anasikiliza. Anajua kijiti cha kuchomelea kimeisha kwa kusikia mlio, na anajua nani amechelewa kwa kusikia viatu.

Sindano nilimchukia tangu siku ya kwanza alipokuja nyumbani kujitambulisha. Kabla hata hajakaa alikwenda dirishani, akapapasa nondo kwa kidole, akatikisa kichwa, akauliza ni mkono gani huo ulioharibu chuma namna ile. Ulikuwa mkono wa Baba. Dada, badala ya kumfukuza, alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kanga, na mimi nikajua kwamba tumeula wa chuya.

Huyo ndiye niliyeletewa kuwa shemeji. Mtu anayechana nywele kabla ya kuvaa ngao. Mtu ambaye akila mezani kwako anainama kutazama miguu ya meza imeungwaje. Dada akipika, yeye anakaa mlangoni kumsimulia habari za mshono alioupiga siku hiyo, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake, na dada anasikiliza, anauliza, “Halafu?” Halafu nini, jamani? Halafu ukapoa!

Na hapo kwenye kupoa ndipo penye ubovu wake wote.

Chuma ukikipasha moto kinatanuka, hilo hata anayeuza maandazi analijua. Kinachowashinda mafundi wengi ni kwamba kikipoa hakirudi kama kilivyokuwa. Ule mshono unaingia ukiwa uji wa moto, unashika chuma baridi huku na huku, kisha unapoa na kutaka kujikunyata. Lakini umekwisha kung'ang'ania, hauwezi kujikunyata peke yake, basi unavuta kila ulichokishika. Ukipiga mishono yote upande mmoja, upande huo unavutwa, na geti lako ulilolipima likiwa limenyooka linaamka asubuhi limejinyonga, pembe moja iko juu kama mtu aliyeinua bega. Unaweza kulikandamiza likalala. Litalala kwa kuwa umelikalia. Ule mvuto bado umo ndani, na siku ukiinuka utauona.

Fundi mwenye akili anapiga vipande vifupi, kimoja huku, kingine kule, anageuza, anaacha kazi ipoe ikiwa imebanwa, ndipo anarudi kujaza. Sindano hapana. Mshono wa vipande vipande haupendezi. Yeye anaanzia juu anashuka mpaka chini kwa pumzi moja, upande ule ule, mchirizi mmoja usio na kifundo, kisha anamtia mtu simu mkononi na kumwambia, “Nipige picha.” Na watu wanampiga picha! Wanapapasa ule mshono wanatingisha vichwa. Hakuna aliyewahi kupiga magoti kutazama kama geti lenyewe limenyooka.

Aliyepiga magoti ni mimi, kwa sababu bosi alinifundisha kupima kwa uzi. Unalilaza geti juu ya matofali manne. Unavuta uzi kutoka pembe hii hadi pembe ya mkabala wake, na uzi wa pili kwenye zile pembe mbili zilizobaki. Geti likiwa sawa, nyuzi zinagusana katikati. Likiwa limejinyonga, uzi mmoja unapita hewani juu ya mwenzake, na hapo katikati unaingiza kidole. Kikiingia kidole kimoja naandika moja kwa chaki nyuma ya geti. Vikiingia viwili naandika mbili. Ni desturi ya karakana yetu, na bosi aliiweka baada ya macho yake kufifia: hakuna kitu kinachopakwa rangi kabla ya kupitiwa na uzi, na geti lisilo na chaki ni geti lililopita.

Nilipima jioni, nikaandika. Kesho yake asubuhi chaki ilikuwa imefutwa, haikubaki hata vumbi. Nilijua anayefuta ni nani. Yeye hufika karakana alfajiri kabla yetu sote, na mimi nilisema anawahi ili ajitazame kwenye kioo cha gari bovu la bosi lililolala pale, pasipo watu. Miaka kumi na moja niliandika, akafuta, na hakuna siku aliyoniambia neno. Nikajua ananidharau. Mpakaji rangi ni nani hata amwambie Sindano kazi yake imepinda? Na mimi nikamlipa kwa sarafu ile ile: kilichofutwa sikukipima tena. Nisingempigia magoti mara mbili yule mtu. Nilichanganya rangi nikapaka, upinde wake afe nao.

Yalikuwepo na mengine. Mara nyingi nililikuta geti lina madoa ya mviringo ya bluu, ya kuungua, upande usio na mishono, nami nikayasugua kwa msasa huku nikimtukana kimoyomoyo kwa uchafu wa kazi yake. Tena gesi ilikuwa inaisha upesi kuliko kawaida. Nilikwenda kumwambia bosi kwamba kuna mtu anakuja alfajiri kuchoma vitu vyake binafsi kwa gesi ya karakana. Bosi alijikuna shavu akasema, “Nimesikia.” Hakufanya lolote, nikamdharau na yeye.

Sasa lile geti.

Dada yangu ndiye mshika funguo wa shule ya msingi iliyo nyuma ya uwanja wa mpira. Ndiye anayefika wa kwanza, anafungua, anafagia baraza, anagonga kengele. Shule ikataka geti jipya la milango miwili, refu kupita mtu, lililofunikwa bati nene upande wa nje, na kazi ikaja kwetu. Mkisikia majigambo, yalikuwa pale. Sindano alitembea karakana nzima amevimba kichwa.

“Kila asubuhi mke wangu atashika kazi ya mkono wangu kabla hajashika kitu kingine,” aliniambia. “Unalionaje hilo, shemeji?”

“Naliona,” nikamjibu.

Alilipiga kwa mwendo wake ule ule. Mishono mirefu, juu hadi chini, yote upande wa bati. Nilipomaliza kupaka madirisha ya mteja mwingine, nikalaza milango ile miwili mmoja baada ya mwingine, nikavuta uzi. Wa kulia ulikuwa mzuri, nyuzi ziligusana. Wa kushoto niliingiza kidole, kikaingia. Nikaingiza cha pili. Nikaingiza cha tatu, kikaingia bila kusukuma.

Vitatu! Kwa miaka kumi na moja hakuna kazi yake iliyofika vitatu.

Nilikuwa nimeshika chaki. Niliinama mpaka ikagusa bati. Kisha nikajiuliza, naandika ya nini? Niandike afute, halafu geti liende, asifiwe, dada aulize “Halafu?” Mwalimu mkuu alikuwa ameita wazazi Jumamosi waje kuona geti linafungwa. Nikamwona Sindano mbele ya wazazi wote, anafunga mlango mmoja, anafunga wa pili, na pembe ya juu inabaki nje kama sikio la punda. Nikaona watu wanaminya midomo wasicheke. Nilitaka hilo. Nilitaka mno, na sitajitia hamnazo nikasema nilisahau. Niliirudisha chaki mfukoni.

Kesho yake bati halikuwa na alama, wala madoa ya bluu hayakuwepo. Nikapaka rangi ya kwanza, ikakauka, nikapaka kijani.

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Wazazi walijaa. Sindano alikuja na shati lililopigwa pasi. Wakatundika mlango wa kulia, ukakaa. Wakatundika wa kushoto, wakausukuma ukutane na mwenzake, na pembe ya juu ikasimama mbali kwa upana wa kiganja. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Sindano akaitazama ile pembe, akaitazama nguzo, akageuka.

“Mwashi!” akaita. “Nguzo umeipotosha!”

Mwashi aliyejenga nguzo alikuwa pale na timazi yake. Akaitundika mbele ya watu wote, ikaning'inia sambamba na nguzo. “Nguzo yangu imesimama, bwana. Tazama geti lako.”

“Geti langu limepimwa,” Sindano akasema. “Limepimwa, halina chaki.”

Niligeuka nikachekea ndani ya kitambaa. Nilifikiri, ona visingizio vya mtu huyu, chaki ambayo huifuta kila siku leo imekuwa shahidi wake.

Lakini aibu niliyoingoja haikuja. Alileta jeki na mtaimbo, akaegemeza, akasukuma, akamwita mwanamume mmoja, wawili, watatu wasukume naye, pembe ikarudi taratibu huku bawaba zikilia, na komeo likaingia kwenye tundu lake kwa nyundo. Geti likafungwa, likanyooka. Wazazi wakapiga makofi. Akawaambia geti lisiguswe, watu wapite mlango mdogo, na Jumatatu atakuja na mwashi waitazame nguzo. Kisha akapigwa picha. Nilirudi nyumbani na hasira ya mtu aliyenyang'anywa.

Nilijua nani anashika funguo. Mniamini au msiniamini, jambo hilo nililijua muda wote na sikulifikiri hata mara moja. Kichwani kwangu alikuwemo Sindano peke yake.

Jumatatu gari la chaki na madaftari lilifika shuleni mapema, na halipiti mlango mdogo. Dereva akapiga honi. Dada akaenda kulivuta komeo, likagoma, lilikuwa limebanwa kwa nguvu zote za lile geti. Akaokota jiwe akaligonga kutoka chini, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu likachomoka, na mlango ukaruka. Ulimpiga mkono wa kulia kati ya kiwiko na kiganja, ukavunja mifupa yote miwili. Dereva anasema alisikia mlio akadhani ni tairi lake.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusema. Nilisema mtaani kwamba Sindano amemvunja mkewe kwa majivuno. Nilisema kazini, bosi akikaa kimya kama maji mtungini. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita kwa dada, nikamwogesha, nikamvalisha gauni, nikamfunga vifungo vya mgongoni ambavyo mtu wa mkono mmoja hawezi kuvifikia, na nilipokuwa nafunga nilimwambia, “Rudi nyumbani, dada. Huyu mtu siku nyingine atakuua.” Mara ya kwanza alisema nimwache. Mara ya tano alinyamaza. Juma la tatu aliniambia nimletee begi juu ya kabati.

Sindano alikuwa amenywea. Kuchana nywele ameacha. Alikuwa amegombana na mwashi hadharani mara mbili, akimwambia nguzo yake ndiyo iliyomvunja mkewe, na mwashi ameanza kukosa kazi. Asubuhi ile tuliyopanga kuondoka alirudi nyumbani ghafla, akatukuta chumbani, dada amekaa kitandani na gauni liko wazi mgongoni, mimi nimesimama nyuma yake, begi liko mlangoni.

Alilitazama begi. Hakupiga kelele.

“Shemeji,” akaniambia, “kabla hamjatoka, nataka kukuuliza neno moja. Lile geti ulilipima?”

“Mimi hupima yote.”

“Nauliza kwa sababu niliamka alfajiri nikaenda kutazama nyuma, sikuona chaki. Nikashukuru, nikarudi kuwasha chai.” Akajipangusa uso kwa kiganja. “Ukiandika moja, mimi nawasha gesi, napasha moto upande wa pili vidoa vidoa, ili nao ujikunyate uvute kwake, mpaka nyuzi zako zigusane. Ukiandika mbili, napasha zaidi. Halafu nafuta. Bosi ndiye aliyenifundisha, akaniambia nifanye kabla ya watu kuja nikitaka.”

“Mbona hukusema hata siku moja?” dada akamuuliza.

“Niseme nini?” Alinyanyua kidevu, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma matatu nikamwona yule yule. “Niseme kwamba kazi ya Sindano inarudiwa?”

Mjinga! Miaka kumi na moja anaamka alfajiri kuficha mvuto wa mishono yake, wakati angepiga vipande vifupi tu akalala kama watu. Nilitaka nimwambie hivyo. Nilikuwa na maneno ya kutosha, ninayo mpaka leo. Lakini niliyaona yale madoa ya bluu niliyoyasugua kwa matusi, na gesi niliyomshitaki nayo, na nyuzi ambazo sikuzivuta mara ya pili hata siku moja. Kupima kwa uzi nilifundishwa. Habari ya moto sikufundishwa, wala sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa na jibu tayari.

Dada aligeuza shingo akanitazama. Hajanitazama hivyo tangu tukiwa wadogo, nilipovunja kitu nikasema ni paka.

“Uzi ulipima ngapi?” akauliza.

Ningeweza kusema nyuzi ziligusana. Geti limekwisha kukatwa vipande, hakuna mtu angelipima tena. Mwashi angebaki mwongo, Sindano angebaki mpumbavu, na begi lingetoka.

“Vitatu,” nikasema.

Sindano alihesabu kimya kimya, nilimwona midomo ikitembea, anahesabu moto ambao angeupasha. Kisha alikurupuka kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

“Basi nguzo ni nzima,” akasema. “Mwashi wa watu nimemtukana bure.” Akatoka mbio kwenda kumwomba radhi, ndala moja mguuni, nyingine mkononi.

Tukabaki wawili. Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Nikafanya nililozoea kufanya kila asubuhi: nikanyoosha mikono kwenye mgongo wake nianze kufunga kifungo cha kwanza.

Dada akasogea mbele, mbali na mikono yangu.

“Acha,” akasema. “Rudisha begi juu ya kabati. Vifungo atanifunga mume wangu akirudi.”